Jean Piaget: Msomi aliyefichua jinsi mtoto mchanga anavyoviona vitu

KWA mtu mzima, kitu kikifunikwa hakijatoweka. Funguo zikiwa chini ya gazeti, mwenyewe hulifunua gazeti akazichukua. Mtoto wa miezi sita hafanyi hivyo. Kitu alichokuwa akikinyooshea mkono kikifunikwa kwa kitambaa, huurudisha mkono wake na kugeukia jambo jingine, kana kwamba hakikuwapo.

Wazazi wameyashuhudia hayo tangu jadi bila kuyatilia maanani. Aliyeyafuatilia na kuyaandika siku baada ya siku ni Jean Piaget, msomi wa Uswisi ambaye nadharia zake zingali zinafunzwa katika vyuo vya ualimu, vikiwemo vya humu nchini.

Piaget alizaliwa Agosti 9, 1896 mjini Neuchâtel. Babake, Arthur Piaget, alikuwa profesa wa fasihi ya Enzi za Kati, lakini mwanawe alivutiwa zaidi na viumbe. Mnamo 1907, akiwa na umri wa miaka 10, alichapisha makala fupi kuhusu shomoro mwenye ualbino. Baadaye alizama katika utafiti wa konokono na jamii yao, na mwaka wa 1918 Chuo Kikuu cha Neuchâtel kikamtunuku shahada ya uzamifu.

Muda mfupi baadaye alielekea Paris, Ufaransa, alikopewa na Théodore Simon kazi ya kuandaa mitihani ya kupima akili za watoto wa shule. Kilichohitajika ni kuhesabu majibu sahihi. Piaget alivutiwa na yale yasiyo sahihi, kwani alitambua kuwa watoto wa rika moja walikosea kwa namna moja.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa Piaget, kosa lililorudiwa ndilo lililobeba mafunzo: lilidhihirisha kuwa mtoto ana mantiki yake, tofauti na ya mtu mzima.

Mwaka wa 1921, Édouard Claparède alimwalika kufanya kazi katika Taasisi ya Jean-Jacques Rousseau mjini Geneva. Mnamo 1923 alimwoa Valentine Châtenay, aliyekuwa mwanafunzi katika taasisi hiyo. Walijaliwa watoto watatu: Jacqueline (1925), Lucienne (1927) na Laurent (1931).

Nyumba yao iligeuka kuwa maabara. Wazazi hao wawili walikuwa wakitazama na kunakili, na vifaa vyao vilikuwa vile vya kawaida nyumbani: chupa ya maziwa, kitambaa, godoro na vitu vya kuchezea.

Laurent alipokuwa na umri wa miezi saba, babake alianza kumwonyesha chupa yake ya maziwa ikiwa imegeuzwa. Chuchu ya chupa ilipoonekana japo kidogo, mtoto aliigeuza chupa na kuanza kunyonya. Ilipofichika kabisa na kubaki kitako tu mbele ya macho yake, alijaribu kunyonya kitako hicho.

Piaget alihitimisha kwamba chupa hiyo, machoni pa Laurent, haikuwa bado na upande wa nyuma. Umbo la kitu lilikuwa lile lililoonekana wakati huo tu. Ilipotimia miezi tisa hivi ndipo mtoto huyo alipoanza kukitafuta kile asichokiona.

Jacqueline naye, akiwa na umri wa miezi 10, aliketishwa juu ya godoro. Piaget alimficha kasuku wa kuchezea chini ya godoro hilo, upande wa kushoto, mara mbili. Zote mbili binti huyo akampata. Kisha akamficha upande wa kulia, Jacqueline akitazama kwa makini. Kasuku alipotoweka, mtoto aligeuka akamtafuta kushoto.

Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1937, Piaget alieleza kuwa mtoto hazaliwi akijua kwamba vitu hudumu. Ujuzi huo huujenga mwenyewe kwa macho, mdomo na mikono, na haukamiliki hadi anapokaribia kutimiza miaka miwili.

Hoja hiyo ilibadili mtazamo wa wengi kuhusu malezi. Mtoto anayeshika, kuangusha na kutia vitu mdomoni hakuonekana tena kama msumbufu tu, bali kama mtu aliye kazini.

Hata hivyo, Piaget aliitegemea mno mikono ya watoto, nao walikuwa wanawe watatu pekee. Mnamo 1961, mtafiti Robert Fantz wa Cleveland, Marekani, alieleza jinsi alivyopima muda ambao macho ya watoto wachanga hukaa juu ya picha. Watoto wa majuma machache tu walitazama michoro yenye mistari na maumbo kwa muda mrefu kuliko picha tupu.

Mwaka wa 1985, Renée Baillargeon na wenzake walionyesha kuwa watoto wa miezi mitano hukodoa macho kwa muda mrefu ubao unapoonekana kupita mahali palipo na sanduku lililofichwa nyuma yake. Ilielekea kwamba jicho hutambua mapema kile ambacho mkono bado hauwezi kukitafuta. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu maana ya mitazamo hiyo.

Makosa aliyoyaandika Piaget hayajakanushwa. Watoto wengi wa umri wa Jacqueline, wakijaribiwa vivyo hivyo, bado hutafuta pale walipopata kitu mara ya kwanza. Kilichorekebishwa ni maelezo ya chanzo chake.

Piaget alifariki Geneva mnamo Septemba 16, 1980, akiwa na umri wa miaka 84, na kuzikwa katika makaburi ya Plainpalais mjini humo. Hata waliompinga waliendeleza kazi aliyoianza: kuketi mbele ya mtoto asiyeweza kusema, na kuchunguza anachokiona.