Maisha ya Bwana Gunpei Yokoi, Injinia wa Msalaba wa Pedi

Mhariri wa gazeti letu alipotaka wanafunzi wa Kidato cha Nne tuandike habari za maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufa, wenzangu wengi waliwaendea machifu, majemadari na washairi. Mimi nimemchagua injinia wa Kijapani, Bwana Gunpei Yokoi. Najua wazee wetu wasomao gazeti hili watauliza huyu ni nani. Lakini kama nyumbani mwao yumo kijana aliyepata kushika pedi ya gemu, yaani kile kishikio chenye vitufe cha kuchezea michezo ya televisheni, basi kidole gumba cha kijana huyo kimekwisha kugusa kazi ya Bwana Yokoi mara nyingi zisizo na hesabu.

Kwanza yanipasa nieleze aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifikisha kwake.

Mjomba wangu ana banda la gemu mjini Makambako, si mbali na barabara kuu ipitayo malori ya kwenda Zambia. Banda ni dogo, la mbao na mabati, lina televisheni mbili na mashine mbili za PlayStation 2. Watoto hulipa kila mchezo, na karibu wote hucheza mpira. Fedha ya banda hili ndiyo inipayo nauli ya kupanda Njombe, sabuni, madaftari na sweta, nanyi mwaijua baridi ya huku. Katika likizo ya Desemba pedi mbili zilikufa katika juma moja. Mjomba akanipa fedha ya kununua nyingine mbili, akaniachia nichague mwenyewe kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba.

Nikaenda dukani, na macho yangu yakaangukia pedi zisizo na waya, zenye taa za rangi ya samawati na nyekundu. Jina la aliyezitengeneza halikuandikwa popote, wala mimi sikuuliza. Siku ya kwanza nilijiona bingwa. Siku ya tatu betri ziliisha katikati ya mchezo, na watoto wakadai fedha yao. Kabla ya mwezi kwisha mshale wa kushoto ulikuwa hautii tena katika pedi moja, na ya pili ilikuwa kimya kabisa. Nilitaka kuzifungua, nikaona hazina skrubu hata moja, zimegandishwa kwa gundi. Mjomba hakunigombeza. Alinyamaza tu, na Januari nilirudi shuleni na nusu ya vitu nilivyotakiwa kuja navyo. Kimya kile kiliniuma kuliko fimbo.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia kwa nini pedi ya zamani yenye waya hudumu miaka, ilhali ile mpya hufa kwa majuma. Badala ya kunijibu alinipa jina la mtu, akaniamuru nikamtafute. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Bwana Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba, 1941, katika Kyoto, mji mkuu wa kale wa Japani. Alisoma mambo ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha papo hapo Kyoto. Hakuondoka mjini kwao hata alipotafuta kazi. Mwaka 1965 aliajiriwa na kampuni iitwayo Nintendo, ambayo leo yajulikana dunia nzima kwa gemu, lakini siku zile kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza karata. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1889 kwa karata za Kijapani zenye picha za maua, ziitwazo hanafuda. Kijana Yokoi, pamoja na elimu yake yote, aliwekwa kutunza mitambo ya kiwandani. Mtambo ukisimama, yeye huutengeneza. Ukienda vizuri, yeye hana la kufanya.

Katika saa hizo za kukaa bure alijitengenezea kitu cha kuchezea, mkono mrefu wa vipande vilivyofungamana kama mikasi mingi. Ukibana huku, ncha ya kule hurefuka na kukamata kitu. Siku moja mwaka 1966 mkuu wa kampuni, Bwana Hiroshi Yamauchi, alipita kiwandani akamwona anacheza nao saa za kazi. Bwana Yamauchi alikuwa mtu mkali, na kila mwanafunzi wa bweni aliyepata kukamatwa akicheza wakati wa masomo ya jioni aweza kukisia hali ya Yokoi aliposikia anaitwa ofisini. Lakini hakufukuzwa. Aliagizwa aufanye mkono ule kuwa bidhaa ya kuuzwa sikukuu ya Krismasi. Uliitwa Ultra Hand, na iliuzwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo hakurudi tena kutunza mitambo, akawa mbuni wa vitu vya kuchezea.

Yapasa tutazame vizuri mkono ule, kwa sababu tabia yote ya Bwana Yokoi imo ndani yake. Hauna kitu kigeni. Vipande vya mikasi vilijulikana tangu zamani. Na hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake maisha yote: usikimbilie ufundi mpya uliotoka jana, ambao ni ghali na ambao hakuna ajuaye utaharibikia wapi. Chukua ufundi uliokwisha kuzeeka, uliozoeleka na kushuka bei, ambao kasoro zake zote zimekwisha kuonekana na kuponywa, kisha ufikirie kwa upande mwingine, uupe kazi ambayo hapana aliyepata kuupa. Mwenyewe aliufananisha ufundi wa namna hiyo na mmea ulionyauka. Mtu akisikia hivyo aweza kudhani ni bahili tu. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipokumbuka zile taa za samawati.

Miaka ya sabini, makampuni ya Japani yalishindana sana kuuza kalkuleta, hata vioo vyake vidogo vya kuonyesha tarakimu vikawa rahisi mno. Siku moja Bwana Yokoi alikuwa katika gari moshi liendalo kasi, akamwona msafiri mmoja aliyechoka akibonyeza kalkuleta yake ovyo ovyo ili apitishe wakati. Akapata wazo: kioo cha kalkuleta chatosha kufanya gemu ya mfukoni. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, gemu na saa katika kidude kimoja. Kwa miaka iliyofuata viliuzwa zaidi ya milioni 43.

Sasa nafika kwenye msalaba. Mwaka 1982 kampuni ilitaka kuitia gemu yake ya Donkey Kong katika kidude cha kukunjwa kama kitabu. Katika mchezo huo mtu hupanda, hushuka, huenda kushoto na kulia. Gemu za madukani zilitumia fimbo iliyosimama wima, lakini fimbo katika kitu cha kukunjwa itafunikwaje? Bwana Yokoi akafanya kitufe kimoja cha plastiki, umbo la msalaba, ambacho gumba laweza kukielekeza pande nne bila ya jicho kutazama. Katikati kwa chini pana kinundu ambacho msalaba hulalia kama ubao wa pembea. Ukiubonyeza kushoto, kulia hunyanyuka, kwa hiyo haiwezekani kubonyeza pande mbili zinazopingana. Chini yake hukaa kipande cha mpira chenye vidoa vyeusi vipitishavyo umeme. Kidoa kikigusa njia za umeme zilizo chini, mashine hujua. Fungueni rimoti ya televisheni ya nyumbani mtaona mpira wa ukoo huo huo (lakini ombeni ruhusa kwanza).

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Julai, 1983, Nintendo ilitoa mashine ya nyumbani iitwayo Famicom, iliyoongozwa na injinia mwingine, Bwana Masayuki Uemura. Hapo nako fimbo ilifikiriwa, ikaachwa. Mojawapo ya sababu ilinichekesha na kunipendeza: mtoto huacha vitu sakafuni, na fimbo ikikanyagwa huvunjika. Wakachukua msalaba wa Bwana Yokoi, ambao hulala bapa, wakaufunga kwa waya. Hata hivyo mabingwa nao hukosea. Vitufe vya kubonyezea katika Famicom za kwanza vilikuwa vya mraba na vya mpira, vikawa vinakwama, ikawabidi wavibadili kuwa vya duara na vya plastiki ngumu. Tangu siku hizo pedi karibu zote duniani zina mishale ya ukoo wa msalaba ule. Hata ya PlayStation, ionekanayo kuwa na mishale minne mbalimbali, ukiifungua utakuta kwa ndani ni kipande kimoja.

Hayo niliyathibitisha mwenyewe likizo ya Juni. Mjomba alikuwa hajazitupa zile pedi mbili za waya zilizokufa Desemba, alizitia katika kopo la rangi. Nikaazima bisibisi, nikafungua. Ya kwanza msalaba ulikuwa mzima, mpira mzima, ila waya ulikuwa umekatika ndani pale shingoni unapoingia katika mwili, kwa kuvutwa na watoto. Fundi redio wa jirani alikata kipande kibovu, akaunga upya kwa risasi, na ikafufuka. Ya pili vidoa vya mpira vilikuwa vimelika. Tukavichukua vya pedi nyingine bovu, ikafufuka nayo.

Nilipotumwa tena dukani sikutazama taa. Nilitazama shingo ya waya kama ina mpira mnene wa kuikinga isipindike ghafla. Nilihesabu skrubu mgongoni. Nilizungusha gumba juu ya mishale polepole, nikiona kama kila upande hurudi wenyewe bila kusitasita. Nilipima urefu wa waya, maana ukiwa mfupi watoto huuvuta, na ukiwa mrefu mno hukanyagwa. Muuza duka alianza kuchoka nami, lakini alinivumilia, Mungu ambariki. Pedi niliyoinunua haikuwa nzuri kuitazama. Barua ya mjomba iliyonifika mwezi uliopita yasema bado yafanya kazi, pamoja na zile mbili za kopo la rangi, na Julai nilikuja shuleni na vitu vyangu vyote.

Narudi kwa Bwana Yokoi. Tarehe 21 Aprili, 1989, yeye na wenzake walitoa Game Boy, gemu ya kushika mkononi yenye kioo kisicho na rangi, cha kijani kijani kama maji ya bwawa. Wapinzani wao, Atari na Sega, walikuja na vioo vya rangi, na watu wengi waliicheka Game Boy. Lakini vile vya rangi vilikula betri sita kwa saa chache tu, na Game Boy kwa betri nne ilikwenda zaidi ya saa kumi. Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi aliyekuja baadaye, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Moja iliungua katika vita ya Ghuba mwaka 1991, mwili wake ukayeyuka na kukunjamana, lakini ilipowashwa ilicheza. Kwa miaka mingi iliwekwa katika duka la kampuni huko New York ili watu waitazame.

Yeye naye alikuwa na pedi zake za taa za samawati, nami siwezi kulificha jambo hilo kwa kuwa nampenda. Mwaka 1995 ilitoka Virtual Boy, kidude cha kutia macho ndani, chenye picha nyekundu juu ya giza. Kilichosha macho na kuumiza kichwa, na hakikufikia hata milioni moja. Mwaka 1996 kiliachwa. Tarehe 15 Agosti mwaka huo huo, baada ya miaka 31, Bwana Yokoi aliondoka Nintendo, akaanzisha karakana yake mwenyewe iitwayo Koto.

Sisi wa Makambako tumezoea kuona magari yaliyosimama kando ya barabara kuu, madereva wameshuka kutazama palipoumia, na malori yanapita karibu nao. Ndivyo alivyokufa Bwana Yokoi. Tarehe 4 Oktoba, 1997, motokaa aliyopanda, ikiendeshwa na mwenzake, iligonga lori kwa nyuma katika barabara kuu ya Hokuriku. Hawakuumia sana. Wakashuka kutazama uharibifu, na gari lingine likaja likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Alikuwa ameacha kazi nyingine mezani, aliyokuwa akiifanya pamoja na kampuni ya Bandai. Iliitwa WonderSwan, nayo ikatoka tarehe 4 Machi, 1999. Kioo chake hakikuwa na rangi, na ilitumia betri moja tu.