Grogan: Aliyetembea hadi Cairo, akaleta trauti Kenya

MASHABIKI wa Igwachanya wanaotazama mechi za Juni wakiwa wamejifunika makoti hawahitaji kuelezwa baridi. Trauti, samaki anayependwa sana na wavuvi wa mchezo, anaitaka baridi hiyo na maji yanayokimbia. Aliyempeleka Kenya ni Ewart Grogan, jamaa mwenye mabao yake na kadi nyekundu yake.

Alizaliwa London mwaka 1874. Alipompenda Gertrude Watt, baba wa kambo wa binti hakumwamini. Basi mwaka 1898 Grogan akaanza safari kutokea kusini mwa Afrika, akapita Ziwa Nyasa, hilohilo linalopakana na mkoa wa Njombe kule Ludewa, kisha Ziwa Tanganyika, na mwaka 1900 akaibukia Cairo. Si mchezo! Mke akapatikana.

Mwaka 1905, akiwa mlowezi Kenya, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, yakawekwa mto Gura katika milima ya Aberdare. Usajili ule wa ng'ambo ulijibu, samaki wakazaliana.

Trauti huvuliwa kwa nzi bandia, na kumfunga kuna ufundi kuliko kufunga penalti. Chukua Coachman, nzi wa jadi wa Waingereza. Ndoana inabanwa kwenye jiliwa, uzi unazungushwa kutoka kwenye tundu hadi karibu na pindo. Hapo zinafungwa nyuzi za unyoya wa tausi, zinaviringishwa kurudi mbele mpaka mwili unenepe. Karibu na tundu linazungushwa nyoya la kahawia la shingo ya jogoo, juu yake bawa jeupe. Fundo, tone la vanishi, kazi imekwisha. Ukijaza manyoya hadi tundu lizibe, umeharibu. Hapo ndipo wengi wanaoanza huchemsha.

Kadi nyekundu ilikuja mwaka 1907. Grogan aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu waliokuwa wakivuta riksho, mbele ya mahakama ya Nairobi, na akahukumiwa kifungo. Mchezo wa trauti nao ulikuwa wa walowezi. Mwenyeji alibaki mtazamaji.

Grogan alifariki Cape Town mwaka 1967 akiwa na miaka 92. Leo mafundi wa Kenya wanafunga nzi bandia kwa mikono yao, na wavuvi wa Ulaya na Marekani ndio wanunuzi.