Roald Dahl na mrija wa maji ya ubongo

Mzazi, ukiambiwa mwanao mwenye kichwa kikubwa atawekewa mrija wa kupunguza maji ya ubongo, usidhani kifaa hicho kilihangaikiwa na madaktari peke yao. Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyezaliwa Wales mwaka 1916, aliishi Dar es Salaam akiwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell, kabla ya kujiunga na jeshi la anga la Uingereza mjini Nairobi mwaka 1939.

Desemba 1960, huko New York, teksi iligonga kigari cha mwanawe Theo, mtoto wa miezi minne. Maji yakajaa kichwani. Akawekewa mrija, lakini vali yake iliziba mara kwa mara, na kila ikiziba mtoto alirudishwa kupasuliwa. Dahl, ambaye hakusomea udaktari hata siku moja, akamwendea Stanley Wade, fundi wa pampu ndogo za ndege za kuchezea, na Kenneth Till, daktari wa upasuaji wa ubongo jijini London. Vali yao ilianza kutumika mwaka 1962, nao wakakubaliana wasichukue faida. Theo hakuihitaji tena, ila watoto wengi walipona kwayo. Mwaka huohuo Dahl alimpoteza binti yake Olivia, miaka 7, kwa surua iliyofika kwenye ubongo. Yeye alifariki mwaka 1990.

Enzi zile maji yalielekezwa zaidi kwenye mshipa uendao moyoni. Sasa huelekezwa tumboni, na hapo mzazi wa Tunduma au Vwawa ana haki ya kuuliza: kama maji yamesababishwa na uvimbe wa saratani, hautashuka na mrija?

Unaweza. Chembe za uvimbe hubebwa na maji, zikaota kwenye utando wa tumbo. Hutokea kwa nadra sana; kuziba na maambukizi ndiyo ya kawaida. Kwa hofu hiyo usikatae mrija, maana maji yaliyobanwa kichwani hupofusha na huua.

Lakini mtoto mwenye mrija aliyewahi kuugua uvimbe wa ubongo akianza kujaa tumbo, kuumwa tumbo au kutapika, usiishie kwenye dawa ya minyoo. Mrudishe alikopasuliwa, iwe Mbeya au Muhimbili, na karatasi zake zote. Ukianzia zahanati ya jirani, taja mrija kabla hujaulizwa: kovu la kichwani limefunikwa na nywele, na anayepima tumbo huenda asilione.