SAID BIN AL-MUSAYYIB NA HARUSI YA DIRHAMU MBILI

Katika maisha ya watu wema waliotutangulia mna majibu ya mengi tunayobishania mabarazani kila siku. Moja katika hayo ni jambo la gharama za harusi: je, ni israfu, au ni furaha iliyo halali kwa mwenye uwezo? Tumeonelea tuwaeleze ndugu zetu wasomaji maisha ya Said bin al-Musayyib, Mwenyezi Mungu amrehemu, kisha kila mwenye akili ajipimie mwenyewe.

Said alizaliwa Madina katika ukhalifa wa Sayyidna Umar R.A., karibu na mwaka 15 wa Hijra, yaani kama mwaka 636 M. Alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Makhzum, na baba yake na babu yake wote walikuwa masahaba. Babu yake aliitwa Hazn, jina lenye maana ya ugumu. Mtume S.A.W. alipotaka kumbadilishia aitwe Sahl, yaani mwepesi, mzee yule hakukubali kuliacha jina alilopewa na baba yake. Said alikuwa akisema kuwa ugumu ule uliwabakia katika ukoo wao. Nasi twasema kuwa ulimbakia yeye kweli, lakini aliutumia katika haki.

Alisoma kwa masahaba wakubwa, kama Zaid bin Thabit na Abu Huraira, na huyu wa pili akamwoza binti yake. Akawa mmoja wa wale mafakihi saba wa Madina ambao umma mzima ulizitegemea fatwa zao. Hata hivyo hakula kwa elimu yake. Alikuwa mfanya biashara ya mafuta, wala hakutaka kupokea fungu lake katika hazina ya watawala. Alipenda kuwa na mali yake mwenyewe, ili dini yake na heshima yake visiwe mikononi mwa mtu. Basi na ieleweke kuwa huyu tunayemweleza hakuwa fukara, wala hakuwa mtu wa kuichukia mali.

Ugumu wake ulijulikana hata na wafalme. Mwaka 85 wa Hijra (704 M.), Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotaka watu wawape baia wanawe wawili, al-Walid na Sulaiman, ili wamrithi mmoja baada ya mwengine, Said alikataa. Liwali wa Madina akampiga viboko 60, akamtembeza mjini mbele za watu, na watu wakakatazwa kukaa naye. Hakugeuka.

Sasa tuje kwenye lile tulilolikusudia. Said alikuwa na binti mzuri wa sura, aliyehifadhi Kurani na kuijua suna. Abdul-Malik alipeleka posa kumtaka binti huyo kwa mwanawe al-Walid, ambaye baadaye alikuwa khalifa. Ni baba gani leo angeikataa posa ya namna hiyo? Said aliikataa.

Wapokezi wa khabari wasimulia kuwa katika darsa yake mlikuwa na mwanafunzi akiitwa Ibn Abi Wadaa. Siku kadha hakuonekana, na aliporudi Said akamuuliza alikuwa wapi. Akajibu kuwa mkewe alikuwa amefariki. Said akamuuliza kama amekwisha pata mke mwengine. Yule kijana akaona ajabu: nani atakayemwoza yeye, naye hana ila dirhamu mbili au tatu? Said akamwambia kuwa atamwoza yeye. Hapo hapo akamhimidi Mwenyezi Mungu, akamsalia Mtume, akamwoza binti yake kwa mahari ya zile dirhamu mbili.

Kijana alirudi kwake akifikiri atakwenda kukopa kwa nani. Alikuwa amefunga, na futari yake ilikuwa mkate na mafuta. Mara mlango ukabishwa. Kufungua, ni Said, na nyuma yake amesimama bibi harusi. Said hakupenda kijana aliyekwisha oa alale peke yake usiku ule. Akamwingiza binti yake ndani, akaenda zake. Bwana harusi kwa haya alikisogeza kile chakula kisionekane kwa mwanga wa taa, kisha akapanda darini kuwaita majirani. Majirani wakaja, na mamake akaja, akataka apewe siku tatu amtengeze na kumpamba mkwewe, na akapewa.

Ulipopita mwezi, kijana akaenda darsani. Said alimwuliza hali ya mkewe, na aliporudi nyumbani akampelekea dirhamu 20,000.

Hapa ndipo penye mazingatio, enyi ndugu. Wako wasemao kuwa harusi ni furaha, na walima ni suna, na aliyeruzukiwa ana haki ya kuonyesha neema ya Mola wake. Maneno hayo ni kweli, wala hatuyapingi. Mtume S.A.W. alimwamrisha Abdur-Rahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Hata harusi hii ya Said haikukosa furaha: majirani walikuja, na bibi harusi alipambwa.

Lakini tutazame fedha zilipita wapi. Dirhamu mbili ziliufungua mlango, na 20,000 zikaja baada yake, zikaingia nyumbani mwa watu wawili waanzao maisha. Sisi hufanya kinyume. Twatoza mahari na kilemba na kapu hata kijana huzeeka akitafuta, naye binti huzeeka akingoja. Kisha nyumba ya baba huwekwa rehani kwa pilau ya siku moja na makesha ya siku saba, na bibi harusi huingia katika nyumba ambayo deni limetangulia kuingia. Tajiri afanyapo hivyo kwa mali yake, huenda asidhurike yeye. Lakini jirani yake maskini huona haya asipomfuata, na dhara hilo tajiri hatoki nalo salama. Said aliweza kufanya harusi ya kifalme, na kwa kuacha kwake aliwafungulia mlango wasioweza.

Said alifariki mwaka 94 wa Hijra, ambao wanavyuoni waliuita mwaka wa mafakihi kwa wingi wa waliokufa ndani yake. Abdul-Malik alikuwa amekwisha mtangulia kaburini, na ufalme wa wanawe nao ukapita. Dirhamu mbili za Ibn Abi Wadaa zingali zatajwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu moyo wa kuwaoza binti zao kwa dini na tabia njema, na awape vijana wetu nyumba zisizoanza kwa deni. Amin.