Hugh Trowell: kutoka unyafuzi hadi kisukari

Mtoto akivimba miguu, nywele zikawa nyekundu na ngozi ikabanduka, mzazi wa leo huambiwa kliniki kuwa huo ni unyafuzi, yaani kwashakoo. Mmoja wa waliowafumbua macho madaktari wa Afrika Mashariki juu yake ni Mwingereza Hugh Trowell, aliyezaliwa 1904 na kufika Kenya 1929. Mwanzoni hata yeye alidhani ni aina ya pelagra.

Mwaka 1935 alihamia Uganda, akatibu na kufundisha katika Hospitali ya Mulago. Mwenzake wa patholojia, Jack Davies, alipopima miili ya watoto waliokufa alikuta kongosho limesinyaa, hasa sehemu inayotoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Kongosho hilohilo ndilo lenye seli za beta, zinazotengeneza insulini.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell alirudi kwao, akawa kasisi wa Kianglikana. Hata hivyo hakuacha utafiti. Alipofika Afrika, shinikizo la damu lilikuwa nadra vijijini. Mwaka 1956 Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo alikuwa bado jambo la kuandikiwa makala. Nini kilibadilika? Alikilaumu chakula kilichokobolewa. Mwaka 1974 alionyesha kuwa vifo vya kisukari Uingereza vilipungua miaka ambayo serikali, kwa sababu ya vita, iliamuru unga wenye pumba nyingi zaidi. Kwangu ushahidi huo pekee hautoshi, maana sukari na mafuta navyo vilikuwa kwa mgawo. Alifariki 1989.

Hakuwahi kusikia habari za mikro-RNA. Hizi ni nyuzi fupi sana ndani ya seli, zinazopunguza au kuzima kazi ya jeni. Mojawapo, miR-375, ilitambuliwa mwaka 2004 katika seli za kongosho la panya. Inadhibiti utoaji wa insulini, na panya wasio nayo huwa na seli za beta chache. Ikizidi nayo ni shida: panya waliozaliwa na mama aliyenyimwa protini walikuwa nayo nyingi, na seli zao za beta zilizaliana kidogo. Kwa binadamu bado haijathibitishwa hivyo, lakini utapiamlo na kisukari, kazi mbili za Trowell, huenda zinakutana hapo.

Nyanda za Juu Kusini tuna mahindi, maharage na viazi tele, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa. Mjamzito na mtoto wapate maharage, mayai, dagaa au maziwa, si uji mtupu. Mwenye kisukari, Mbeya au kwingineko, achague dona badala ya sembe, ila kwa kiasi, kwani nayo hupandisha sukari. Mahindi yawe makavu, yasiyo na ukungu, kuepuka sumukuvu. Dawa au insulini asiiache kwa sababu ya dona.