Antara, Mwana wa Zabiba

Miongoni mwa kasida saba mashuhuri za Waarabu wa kale, ziitwazo Muallaqat, moja ni ya mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa. Naye ni Antara bin Shaddad wa kabila la Abs, aliyeishi Najd katika karne ya 6, kabla ya kuja Uislamu. Wengi wetu twamjua kwa visa vya mapenzi yake na Abla, binti ami yake. Leo, wasomaji wapenzi, nataka kumzungumza kwa ajili ya mama yake.

Mama huyo, Zabiba, alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Kwa ada ya zama hizo, mtoto wa mjakazi alibaki mtumwa mpaka baba yake amkiri, na Shaddad hakumkiri. Basi Antara akakua akichunga ngamia wa baba yake mwenyewe. Washairi weusi wa namna yake Waarabu waliwaita kunguru, kwa rangi waliyoirithi kwa mama zao.

Wapokezi wasimulia kuwa siku moja Abs walivamiwa. Shaddad akamwamrisha mwanawe apigane, naye akajibu kuwa kazi ya mtumwa ni kukama, si vita. Hapo baba akamtamkia uhuru wake, na Antara akawakabili maadui. Baadaye alipata jina kubwa katika vita virefu vya Abs na Dhubyan, vilivyozuka kwa ugomvi wa mashindano ya farasi, Dahis na Ghabra.

Sasa angeweza kuishika nasaba ya baba na kumfunika mama. La hasha! Katika mashairi yaliyopokewa kwa jina lake, rangi yake na asili ya mama yake zatajwa bila ya haya. Kweli, si kila beti ni yake. Wasimulizi wa baadaye waliongeza mengi. Lakini hilo nalo ni ushahidi: watu walipoitaka sauti ya mweusi asiyeinamisha kichwa, walimwendea Antara.

Mimi niliyefunzwa alifu na bee chuoni, na nikakomaa katika vina na mizani, naliona jambo moja kubwa kwake. Kujifakhiri kwa mababu kulikuwa mali ya waungwana. Antara aliichukua bahari yao ile ile, akamtia ndani yake mjakazi wa Kihabeshi.

Hata hivyo, fakhari yake ilitegemea upanga. Ilimbidi aue ndipo ahesabiwe mtu. Inakisiwa alikufa karibu na mwanzo wa karne ya 7. Mwaka 630, Makka ilipofunguliwa, Bilal bin Rabah, naye mama yake Mhabeshi, aliadhini juu ya Al-Kaaba. Hakuulizwa ameua wangapi.

Nasi wa pwani tuna la kujiuliza. Twahifadhi silsila za baba kwa baba hadi ng'ambo ya bahari, na nyanya aliyetoka bara hana hata jina katika karatasi zile. Nyanya huyo ndiye aliyewabembeleza wazee wetu kwa lugha hii tuitungiayo. Kijana anayetaka kutunga shairi la kujivunia asili yake, na aanze kwa kuwauliza wazee wa nyumbani kwao jina lake, kabla hawajaondoka nalo.