Kapiteni Joubert wa Mrumbi

Léopold Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Ujanani alikuwa askari wa Baba Mtakatifu kule Roma. Mwaka 1887 alifika Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Siku zile watu wa Rumaliza na wengine wenye kuuza watumwa walichoma vijiji, wakawafunga watu minyororo. Joubert akawafundisha vijana kuwalinda ndugu zao.

Askari mgeni huja, hupigana, hurudi kwao. Yeye hakurudi. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi ile, akajenga nyumba Mrumbi. Na wakimbizi wakajenga karibu naye. Vita ilipokwisha alibaki, akazeeka kati yao, akafa mwaka 1927.

Wakatekumeni, ampendaye jirani hukaa naye.